Mike Sillinger: jamaa aliyechezea timu 12 za ligi moja

Leo tuache soka kidogo niwape wasifu wa mtu ambaye wengi wenu hamjawahi kumsikia. Anaitwa Mike Sillinger, Mkanada, kazaliwa 1971 mji wa Regina, jimbo la Saskatchewan. Alikuwa anacheza hoki ya kwenye barafu. Amechezea timu 12 za NHL, ndiyo ligi kuu ya Marekani na Canada, na hiyo ni rekodi.

Mchezo wenyewe ni hivi: watu sita kila upande, kipa akiwemo, wana viatu vyenye chuma chini na wanagombea kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Msicheke, hata Nairobi pale hoteli ya Panari walifungua uwanja wa barafu mwaka 2005.

Mimi nilipomaliza fomu four nilipita sehemu tatu ndani ya mwaka mmoja: stationery, duka la simu, halafu kwa fundi redio. Mjomba akaanza kuniita kigeugeu. Kwa hiyo nilipoona hizo timu 12 nikajua huyu naye ni kigeugeu mwenzangu, au hajui mpira. Kumbe nilikosea yote mawili.

Kwanza, si yeye aliyekuwa anahama. Kwenye soka timu haiwezi kukuuza kama wewe hujakubali kwenda. Kule NHL mambo ni tofauti, timu mbili zinabadilishana wachezaji kama watu wanavyobadilishana simu. Kama mkataba wako hauna kipengele cha kukulinda, unapigiwa tu simu unaambiwa kuanzia leo wewe ni wa mji fulani. Katika timu zote hizo, Sillinger alichagua mwenyewe kwenda mbili tu: Columbus mwaka 2001 na New York Islanders mwaka 2006. Alikoanzia ni Detroit, waliomchagua 1989 akiwa wa 11 kati ya vijana wote wa mwaka ule. Bahati mbaya nafasi yake ya katikati ilikuwa na Steve Yzerman na Sergei Fedorov. Hapo unapenyaje?

Mwaka 1995 wakampeleka Anaheim, na safari ikaanza: Vancouver, Philadelphia, Tampa Bay, Florida, Ottawa, Columbus, Phoenix, St. Louis, Nashville, mwisho Islanders. Mara nne alihamishwa mwezi wa tatu, msimu ukiwa unakaribia kuisha. Mwenye mke na watoto afikirie mwenyewe habari ya shule na kodi ya nyumba.

Pili, mpira aliujua. Alicheza mechi 1,049 na kufunga magoli 240. Asiyejua kazi hafikishi mechi elfu kwenye ligi ile. Ila hakuwa staa, alikuwa fundi wa vitu viwili. Cha kwanza ni pale refa anapodondosha kisahani katikati ya wachezaji wawili ili mchezo uanze. Ukishinda pale timu yako inaanza na mali, na kwenye mechi moja inatokea mara kibao. Cha pili ni kukaba timu ikiwa pungufu, maana kwenye hoki mtu akicheza rafu anakaa nje dakika mbili, wenzake wanahangaika wanne kwa watano. Kila kocha anahitaji mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana kila timu ilimtaka. Lakini ikitokea nafasi ya kumpata mtu mwenye jina kubwa, wa kutolewa ni nani? Ni yeye.

Msimu wa 2005/06, akiwa na miaka 34, alifunga magoli 32, mengi kuliko msimu wowote wa maisha yake. Na msimu huohuo katikati St. Louis wakampeleka Nashville! Hapo mimi nilichoka kabisa.

Kombe la Stanley, ambalo ndilo ubingwa wenyewe, hakulipata. Detroit walichukua 1997 yeye ameshaondoka, Tampa Bay wakachukua 2004, Anaheim 2007. Zote hizo ni timu zake za zamani.

Kali kuliko zote ni ya Julai 2003. Columbus walimtoa kwenda Dallas wakampata beki Darryl Sydor. Siku hiyohiyo Dallas nao wakamtoa kwenda Phoenix wakamchukua Teppo Numminen. Yaani alikuwa mchezaji wa Dallas kwa saa chache tu, hajavaa hata jezi, ndiyo maana Dallas haimo kwenye zile 12. Na nyumbani alikuwa na mtoto mchanga wa miezi miwili, Cole, aliyezaliwa palepale Columbus.

Mzee aliendelea mpaka msimu wa 2008/09, nyonga ikagoma, akastaafu 2009. Cole akaendelea na gongo. Mwaka 2021 ulipofanyika uchaguzi wa vijana akachaguliwa wa 12, nafasi moja nyuma ya baba yake, na timu iliyomchukua ni Columbus. Msimu huohuo dogo akaanza kucheza ligi kuu.

Wadau wa soka, kwetu nani kazunguka timu nyingi zaidi za ligi kuu bila kuwa staa? Mtajeni hapo chini, nataka nimuandike na yeye.