Jani la Muhogo Mbele ya Jopo la Usaili

Kijana anayeomba kazi ya sayansi ya data katika kampuni kubwa ya teknolojia hujiandaa kwa hesabu za uwezekano na uandishi wa programu. Anafanya vema. Lakini lipo swali ambalo historia ya Usambara humwandalia jibu lake.

Tuseme jopo linamwambia: mfumo wako umetazama majani 100 ya muhogo, ukapatia 93. Je, ni mzuri? Mwenye haraka atasema ndiyo. Mwingine atauliza mangapi yalikuwa na ugonjwa. Maana kama 90 yalikuwa mazima, mfumo unaosema "zima" kila mara hupata 90 bila kujua lolote.

Tarakimu ile ya 93 sikuiokota hewani. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyotumia picha 2,756 za majani ya muhogo kutoka mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Mfumo wake, uliojengwa juu ya ule wa Google, ulifikia asilimia 93 kwa picha ambazo haukuwa umefundishwa. Watafiti wale hawakunaswa na mtego nilioutaja, kwani majani mazima yalikuwa sehemu ndogo tu, na wataalamu wa magonjwa ya muhogo waliyatambua shambani.

Utambuzi huo una asili yake. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Mwaka 1936 H. H. Storey wa Amani alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia, kutoka vilima vya chini vya milima hiyo. Kituo hicho pia kilichanganya muhogo na ndugu yake, mpira wa Ceará, ili kuupa ukinzani dhidi ya batobato. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, zikazaa aina bora za Ibadan. Makala mashuhuri za kazi hiyo zina majina ya Storey, Nichols na Jennings. Vibarua wa mashamba yale hawamo.

Michirizi ya kahawia ina hila: mmea waweza kuonyesha majani ya kuridhisha huku mizizi ikioza ardhini. Kwa hiyo msailiwa, akishauliza idadi ya wagonjwa, anayo haki ya kuuliza tena: nani aliyeliita jani hili zima, na je, alichimba?