Uandani, Unyumba na Faragha

Baadhi ya lugha za Ulaya hutumia neno moja kutaja ukaribu wa marafiki, wa mume na mke, na wa mgonjwa na mganga wake. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kilicho ndani kabisa". Kiswahili hakikukosa dhana hiyo, bali kiliigawa, na kila fungu likapata jina lake.

Fungu la kwanza ni la moyo. Kutokana na "ndani" tuna "mwandani", yaani rafiki wa kuaminiana, na uandani wake. Kutokana na "siri", neno la Kiarabu, tuna "msiri". Fungu la pili ni la ndoa: "nyumba" ilizaa "unyumba", neno la heshima linalotaja haki ya wenzi pamoja na tendo lenyewe. Hata "ngono", ambalo leo ni jina la tendo tu, kamusi za zamani zililihusisha na zamu ya mke katika nyumba ya wake wengi. Fungu la tatu ni la mwili unaotunzwa. Katika mwambao, mkunga na kungwi waliruhusiwa kuona na kusema yasiyosemwa barazani, na kazi hiyo ilifanyika faragha.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walitambuliwa nchini Tanzania, mkoani Kagera. Tangu hapo lugha ya afya ililazimika kuyatamka hadharani mambo ya faragha. Wafasiri wengine hukimbilia "uhusiano wa karibu". Lakini mgonjwa akiulizwa ana uhusiano wa karibu na nani, aweza kumtaja mama yake au jirani. Atakuwa amejibu kweli, na mwuguzi atakuwa hakupata alichohitaji. "Unyumba" nalo huwaacha nje wasiooana. Katika swali la namna hiyo yafaa kusema "kujamiiana", neno lililo wazi na lisilo tusi.

Kadhalika, tusichanganye faragha na siri. Faragha ni ya mwili na mahali; siri ni ya habari. Pazia la chumba cha uchunguzi hulinda faragha, na ulimi wa mwuguzi hulinda siri. Sheria ya Ukimwi ya Tanzania ya mwaka 2008 ilipoagiza majibu ya vipimo yahifadhiwe, jambo lililolindwa ni siri. Mfasiri atakayeandika "faragha" mahali hapo atakuwa amempa mgonjwa pazia, huku habari zake zikitoka mlangoni.