Jembe la Mama na Kengele ya Kisauni



Mtu akivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika njia ya Kisauni, hufika mahali paitwapo Kengeleni. Pana kengele ya zamani pale. Zamani ililia kuwaita watu kusali, na ililia pia kuwaonya kwamba watekaji wa watumwa wako karibu. Leo tusimame hapo kidogo, tuwakumbuke wake wa wakulima walioisikia kengele hiyo wakiwa na jembe mkononi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zikawa zikiyakamata majahazi, lakini watu waliookolewa waende wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Kwao kulikuwa mbali, na njia ilikuwa ya hatari. Misheni yetu ya Bagamoyo ilikuwa imekwisha anza kuwapokea watu kama hao mwaka 1868. Huku Kisauni, ndugu zetu Waanglikana wa CMS wakaanzisha kijiji mwaka 1875, kikaitwa Frere Town.

Basi, tumfikirie binti wa miaka 10 aliyeshushwa pwani hiyo mwaka 1875. Hana mama, hana ukoo, na lugha ya watu wa hapa haijui. Akikua aliozwa, pengine kwa mtu asiyemfahamu. Tusifiche neno: maisha ya kijiji yalikuwa na ukali wake, hata adhabu walizopewa watu zikaleta uchunguzi mwaka 1881. Mtu anaweza kutolewa minyororo, na bado akaamriwa kama mtoto.

Lakini alipewa kipande cha shamba, na hapo ndipo uhuru wake ulipoanza kuota mizizi. Alikata vijiti vya mhogo, akavifukia, akapanda kunde katikati. Mhogo una subira. Mvua ikichelewa, wenyewe hungoja chini ya udongo, na mama huchimba kadiri ya chakula cha siku. Ilipokuja njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899, ile ambayo Wamijikenda waliiita Magunia, binti yetu alikuwa mama wa miaka zaidi ya 30. Mwenye mhogo ardhini siku zile alikuwa na kitu cha kuwapa watoto.

Tena alipanda mnazi. Hapa twawaomba mtusikilize vizuri. Mnazi wetu wa pwani huchukua miaka sita au saba, na pengine zaidi, kabla ya kuzaa, kisha huishi kuliko aliyeupanda. Mtumwa hapandi mnazi kwa ajili yake, maana kesho yake iko mkononi mwa mwingine. Mama aliyeokolewa jahazini alipofukia nazi yake, alikuwa amesema bila maneno: nitakuwapo, na watoto wangu watakuwapo.

Tarehe 1 Januari 1889, kule Rabai, watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana wao kulipwa fedha. Mwaka 1907 sheria ikaondoa utumwa katika pwani yote ya Kenya. Mambo hayo yalikuwa mema, nayo yameandikwa. James Mbotela, mwana wa watu waliookolewa, ametuachia pia kitabu chake Uhuru wa Watumwa cha mwaka 1934. Lakini hati hutolewa siku moja tu. Kupalilia ni kazi ya kila siku. Daraja la kwanza la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1931, binti yule, kama Mungu alimjalia uhai, alikuwa bibi wa miaka 66, na wajukuu wake walikunywa madafu ya minazi yake.

Wapendwa, nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli. Hakuwaambia wakae wakilia tu. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, na kuuombea amani mji ule waliopelekwa. Wake wa Kisauni, hata wale wasiojua kusoma, waliutii waraka huo kwa mikono yao.

Nasi tujiulize. Likoni, Changamwe na Kisauni bado wako akina bibi wanaoamka alfajiri, wakapalilia mchicha kando ya nyumba, kisha wakaja kanisani na udongo kwenye kucha. Je, twawaita mbele tunapohesabu wajenzi wa kanisa? Au twawakumbuka siku ya mazishi tu? Wiki hii, tumwendee mmoja wao. Tumwulize ni nani aliyeupanda mnazi wa uani kwake, tusikilize mpaka mwisho, na kabla ya kuondoka tumsaidie kupalilia tuta moja.

Ee Bwana, uliyewapa mateka mahali pa kupanda, ibariki mikono ya mama zetu. Tufundishe kupanda hata kile ambacho watakula wengine. Amina.