Kioo Hakijafa, Taa Yake Ndo Imezima: Mafundi wa Laptopu Kuukuu

Kuna sentensi moja imekula hela za vijana wengi mjini hapa: "Kioo kimekufa, nunua kingine."

Mimi ilinikuta na Dell yangu ya mtumba, Latitude D630. Naiwasha, feni inazunguka, mlio wa Windows nausikia kabisa, ila kioo giza. Fundi mmoja (simtaji) akaniambia laki na ishirini, au nimwachie kama skrepa anipe elfu 30. Nilikaribia kuiacha, aisee. Mshkaji wangu ndo akanivuta kwa mzee mmoja Mbezi Luis, ng'ambo ya Barabara ya Morogoro ukitokea Stendi ya Magufuli.

Nikamwamkia, akaitikia. Hata bisibisi hakushika. Akazima taa ya banda, akawasha tochi ya simu, akakimulika kioo kwa pembeni.

"Inama uone, mwanangu."

Kumbe picha ipo! Ikoni zangu zote ziko pale, hafifu kama kivuli.

"Kioo kinafanya kazi. Kilichokosekana ni mwanga wa nyuma."

Sasa ili umwelewe huyu mzee turudi nyuma kidogo. Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kuvurugika, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, kompyuta zilikuwa marufuku Bongo! Na TV je? Zanzibar wanaangalia ya rangi tangu 1973, sisi huku Bara kituo cha kwanza tumekipata 1994. Kwa hiyo fundi wa umri ule hakuna aliyemkalisha darasani akamfundisha kompyuta. Alianza na redio, akaja TV za chogo, halafu siku moja mtu akamwekea laptopu mezani.

Na wala haikumshinda. Laptopu za zamani, mfano D620 ya 2006 au ThinkPad T60, nyuma ya kioo zina tyubu nyembamba ya kioo, ndugu yake ile tyubulaiti ya sebuleni. Tyubu hiyo haiwaki kwa umeme mdogo wa laptopu. Kuna kibodi kidogo kinaitwa inveta, kinapandisha umeme mpaka volti mamia. Mtu aliyezoea kuuheshimu umeme wa TV ya chogo, inveta ataiogopa ya nini?

Julai 2009 mkonga wa SEACOM ukafika Dar, intaneti ikaongezeka kasi, kila mtu anataka laptopu, na ya mtumba ndo tunayoiweza. Lakini miaka hiyohiyo viwanda vilikuwa vinahamia kwenye taa za LED. Kioo cha LED hakina ile tyubu, wala hakihitaji inveta ile. Kikisumbua, fundi anachomoa chote anaweka kingine, kazi ya nusu saa. Vijana wengi wamejifunzia hapo. Ndo maana mimi sisemi wote ni matapeli. Wengine inveta hawajawahi kuiona, watakwambiaje imeungua?

Mzee alinionyesha na mengine. Picha ikicheza unapoinua mfuniko, shuku mkanda unaopita kwenye bawaba, maana umekunjwa na kukunjuliwa miaka yote hiyo. Kioo kikiwaka na wekundu fulani, tyubu imezeeka. Ukiunganisha laptopu na skrini ya nje na picha bado ni mbovu, acha kusumbua kioo, tatizo liko ndani. Na ile tyubu usiivunje ukiichezea, ina zebaki. Kingine: ukinunua kioo cha LED ukadhani utakipachika tu kwenye mashine ya tyubu, plagi zenyewe hazilingani. Hela imeenda.

Yangu akaijaribu na inveta aliyoitoa kwenye D630 nyingine mfu. Mwanga ukarudi palepale. Elfu 20, tena akanipunguzia elfu mbili ya daladala.

Nikamuuliza nani anamfundisha hii kazi. Akacheka. Alikuwa na kijana, kahamia kwenye simu, huko hela ya kila siku ipo. Simlaumu, hata mimi ningehama. Juu ya rafu ya mzee kuna vioo vilivyopasuka kama kumi hivi, havitupi kwa sababu ya tyubu zilizomo. Za saizi yangu zimebaki mbili.

Hii posti nimeiandikia kwenye D630 ileile. Asubuhi nikiiwasha kioo kinakuwa na uwaridi kwa dakika kama tano, halafu kinakaa sawa. Mzee kaniambia uwaridi ukianza kukaa mpaka mchana, niwahi kabla hajampa mwingine.