Kutegua, kugundua, kuvumbua: nani alikuwa na jibu?

Kwa ufupi. *Kutegua* na *kufumbua* ni kufikia jibu ambalo mtu mwingine analo tayari. *Kugundua* ni kutambua kitu kilichokuwapo lakini hakijajulikana. *Kuvumbua*, katika nathari rasmi ya leo, hufaa zaidi kwa kitu ambacho hakikuwapo kabla ya mtu kukifanya. Vitenzi hivi hukaribiana katika habari za sayansi na katika maswali ya kuchangamsha akili, na anayevichanganya huweza kusema uongo bila kukusudia.

1. Chemshabongo na jamaa zake

*Chemshabongo* (huandikwa pia *chemsha bongo*) ni jina pana la swali lolote la kupima wepesi wa akili: miraba ya namba, herufi zilizochanganywa, hesabu ya hila, swali la mantiki la kila siku gazetini, redioni au kwenye simu. Nomino hii huchukua upatanisho wa ngeli ya I-/ZI-: *chemshabongo ya leo ni ngumu, za jana zilikuwa rahisi*. Kitenzi chake cha kawaida ni *kujibu* au *kutatua*.

*Kitendawili* ni kitu mahususi zaidi, kwa kuwa kina utaratibu wake. Mwalimu wa Nyabusozi, wilayani Biharamulo, akisema "Kitendawili!", darasa humjibu "Tega!" Akiendelea, "Nyumba yangu haina mlango," wanafunzi hujaribu mpaka mmoja aseme "Yai." Wakishindwa, mtegaji hudai mji, hupewa, na ndipo hutoa jibu. Malipo hayo ya mji yana maana: jibu ni mali ya mtegaji, naye halitoi bure.

*Fumbo* ni usemi wenye maana iliyofichwa. Methali husema *Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua*. Hapa pia yupo aliyefumba, naye anajua alichokificha.

2. Kiambishi kinachofichua mengi

Tazama jozi hizi: *tega – tegua*, *fumba – fumbua*, *ganga – gangua*. Katika kila jozi kitenzi cha pili hutendua kilichotendwa na cha kwanza. Hakuna kutegua pasipo aliyetega, wala kufumbua pasipo aliyefumba.

*Gundua* na *vumbua* huishia kwa sauti hizohizo, lakini katika Kiswahili cha leo havina mwenzi anayetumika. Hatusemi kwamba mtu fulani "aligunda" jambo ili mwingine aje aligundue. Mzungumzaji wa kawaida huihisi tofauti hiyo hata asipoweza kuieleza: mtafiti hashindani na mtegaji, na akishindwa hana wa kumpa mji. Kwa sababu hiyo, kauli kama *wanasayansi wametegua kitendawili cha saratani* ni sitiari. Yafaa katika kichwa cha habari. Katika ripoti au kitabu cha kiada humfanya msomaji adhani kwamba jibu lilikuwa limekamilika mahali fulani, likisubiri mwenye akili.

3. Kugundua au kuvumbua?

Mipaka ya vitenzi hivi haijawahi kuwa ukuta. *Kugundua* kumewahi kubeba maana ya kumshtukiza au kumfumania mtu, na *kuvumbua* kumetumika kwa vitu vilivyokuwapo na kwa vitu vipya pia. Hata hivyo, mwandishi wa leo hunufaika akiyatenga matumizi haya:

- *Nikeli iligunduliwa Kabanga, wilayani Ngara.* Madini yalikuwamo ardhini, hayakuvumbuliwa.
- *Fundi amevumbua mashine ya kukoboa kahawa.* Mashine haikuwapo. *Kubuni* pia hufaa, hasa pale wazo linapotangulia kifaa.

Swali la pili la kujiuliza ni: kiligunduliwa kwa nani? Sentensi *John Hanning Speke aligundua Ziwa Victoria mwaka 1858* hukaririwa mno. Mwaka huo Speke aliliona ziwa hilo kwa mara ya kwanza. Watu wa kandokando yake, wakiwamo wa Kagera ya leo, walikuwa wakivua samaki humo, wakilisafiria na kuliita kwa majina yao. Kwa kuwa *kugundua* hudai kwamba jambo halikujulikana, mfasiri makini ataandika *alifika ziwani* au *alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za ziwa hilo*.

4. Kushuku, kubaini, kuthibitisha: Biharamulo, Januari 2025

Tofauti za vitenzi hivi zilipata uzito wa maisha ya watu katika Mkoa wa Kagera. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kuhusu wagonjwa walio*shukiwa* kuwa na homa ya Marburg mkoani humo. Siku iliyofuata Waziri wa Afya alieleza kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Januari, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba vipimo vilikuwa vime*thibitisha* mgonjwa mmoja. Kitovu cha mlipuko kilikuwa Wilaya ya Biharamulo. Ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kuwa yamkini walikuwa nao; wote kumi walifariki.

Mwandishi ambaye tarehe 14 angeandika *wagonjwa wa Marburg wamegundulika* angeitangulia maabara. Ambaye baada ya tarehe 20 angeendelea kuandika *wanaoshukiwa* kwa wote angekanusha kilichokwisha kujulikana. Ngazi ifaayo ni hii: *kushuku* (dalili zipo, vipimo bado), *kubaini* (uchunguzi umeonyesha), *kuthibitisha* (maabara imekata shauri), *kutangaza* (mamlaka imesema hadharani). Hatua moja haisimami badala ya nyingine.

Ni kosa pia kuandika kwamba *ugonjwa mpya uligunduliwa Biharamulo*. Virusi vya Marburg vilitambuliwa mwaka 1967, wahudumu wa maabara walipougua nchini Ujerumani na Yugoslavia, na Kagera yenyewe ilikuwa imepata mlipuko mwingine mwaka 2023. Kilichobainika Biharamulo ni mlipuko.

Kuhusu umbo la kitenzi: *kugunduliwa* humwacha mtendaji karibu (*iligunduliwa na watafiti*), ilhali *kugundulika* humwondoa. Katika habari za afya ni bora kumtaja aliyepima.

5. Swali lisilokuwa na mtegaji: Erasto Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa haraka ya kupata nafasi katika jokofu, aliweka mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto, nao ukaganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mwanafizikia Denis Osborne aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, na wenzake wakamcheka. Osborne alilichukua swali akalijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la *Physics Education*.

Wacheshi wale walilichukua swali kama kitendawili ambacho mwenye jibu ni mwalimu, kwa hiyo aliyekosana na mwalimu ameshindwa. Hapakuwa na mwenye jibu.

Je, tuandike kwamba Mpemba *aligundua kuwa maji moto huganda haraka kuliko baridi*? Hapa tahadhari inahitajika. *Kugundua kuwa* humfunga mwandishi akubali kwamba lifuatalo ni kweli. Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliwahi kutaja jambo la namna hiyo kabla yake. Mwaka 2016 utafiti uliochapishwa na Burridge na Linden haukupata ushahidi wa kuridhisha kwa maji. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer walionyesha athari ya aina hiyo katika mfumo wa chembe ndogo zilizodhibitiwa, na mwaka 2024 ikaripotiwa katika mfumo wa kikwanta wa ioni zilizonaswa. Maelezo yanayostahimili yote hayo ni: *Mpemba aliona, akauliza, na kwa kushirikiana na Osborne akaripoti athari inayoitwa kwa jina lake*. Kitenzi *alivumbua* hakifai kabisa. Sentensi hiyo haimpunguzii heshima. Inamtunukia kile hasa alichokifanya, yaani kushikilia swali baada ya kuchekwa.

6. Ushauri kwa wanaoandika na kufasiri

- Kama jibu lipo kwa mtu: *tegua, fumbua, jibu*.
- Kama kitu kilikuwapo bila kujulikana: *gundua*, ukijiuliza kwanza ni nani ambaye hakukijua.
- Kama kitu kimefanywa upya: *vumbua, buni*.
- Kama ushahidi bado haujakamilika: *shuku, dai, ripoti, dokeza*.
- Kama vipimo vimekata shauri: *thibitisha*, ukimtaja aliyepima.

Darasani, mwalimu aweza kulifanya zoezi hili kuwa chemshabongo ya siku: achukue habari moja ya sayansi, afute vitenzi vyake, awape wanafunzi wavijaze na kueleza sababu. Watakapotofautiana, wasiharakishe kumwomba jibu. Warudi kwenye habari yenyewe waone inaruhusu kitenzi kipi.