Majimbo Yaliyozaliwa kwa Amri: Mgawanyo wa Madaraka katika Shirikisho la Nigeria

Chama cha Northern People's Congress kilipopata viti vingi kuliko vyama vingine katika uchaguzi wa 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Nigeria, kiongozi wake Ahmadu Bello hakwenda Lagos kuchukua uwaziri mkuu wa nchi. Alimwachia makamu wake, Abubakar Tafawa Balewa, na yeye akabaki Kaduna kuiongoza Kanda ya Kaskazini. Leo ni vigumu kumpata gavana wa Nigeria ambaye angeamua hivyo. Muhula wa pili ukiisha, wengi wao hukimbilia Seneti au uwaziri huko Abuja, na wenye ubavu zaidi huutaka urais. Wanasiasa hujua madaraka yaliko hata pale wanasheria wanapobishana.

Kwa kawaida tunafundishwa kulitambua shirikisho kwa orodha zake: yapo mambo ya serikali kuu peke yake, yapo ya pamoja, na yanayobaki ni ya majimbo. Hoja yangu ni kwamba orodha hizo zinatueleza kidogo sana. Inafaa kwanza kuuliza nani aliyaunda majimbo, kisha nani anazishika fedha kabla hazijagawanywa.

Kwenye karatasi, Nigeria haina kasoro kubwa. Jedwali la Pili la Katiba ya 1999 liliorodhesha mambo 68 ya serikali ya shirikisho peke yake, yakiwemo ulinzi, sarafu, polisi, madini na masuala ya kazi. Ikafuata orodha ya mambo ya pamoja, na lisilotajwa popote ni la jimbo. Msomaji wa Katiba ya Marekani na Marekebisho yake ya Kumi ya 1791 atajiona yuko nyumbani. Lakini majimbo 13 ya Marekani yalikuwepo kabla ya serikali kuu, na ndiyo yaliyoimegea sehemu ya madaraka yao. Nigeria nayo ilianza kwa namna inayokaribia hiyo. Chini ya katiba ya 1954, kanda tatu zilikuwa na mawaziri wakuu wao, mabunge yao, na hata wawakilishi wao London. Kanda ya Magharibi chini ya Obafemi Awolowo ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1955, na mwaka 1959 ikafungua kituo cha televisheni Ibadan, wakati serikali ya shirikisho haikuwa na chake. Iliyaweza hayo kwa sababu kakao ilikuwa yake, kama karanga zilivyokuwa za Kaskazini na mawese ya Mashariki. Katiba ya uhuru iliiachia kila kanda asilimia 50 ya mrabaha wa madini yaliyochimbwa kwake.

Mpango huo uliuawa na jeshi. Tarehe 24 Mei 1966 Jenerali Aguiyi-Ironsi, mkuu wa serikali ya kijeshi, alifuta kanda kwa Amri Na. 34, na miezi miwili baadaye naye akauawa. Yakubu Gowon, aliyemrithi, alilirudisha shirikisho, lakini si lile lile. Tarehe 27 Mei 1967 alizikata kanda, ambazo tangu 1963 zilikuwa nne, zikawa majimbo 12, na siku tatu baadaye Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, akaitangaza kanda yake kuwa nchi huru ya Biafra, na vita vikafuata. Majimbo yakafika 19 mwaka 1976, 21 mwaka 1987, 30 mwaka 1991 na 36 mwaka 1996. Yote yalitangazwa na wanajeshi. Tangu raia warudi madarakani mwaka 1999 halijaongezeka hata moja. Hata Katiba yenyewe ilitolewa kwa amri ya serikali ya Jenerali Abdulsalami Abubakar, ingawa imeandikwa kana kwamba wananchi ndio walioketi wakaipitisha.

Tuwatendee haki waliokata ramani. Kanda moja ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote zikijumlishwa, na shirikisho la namna hiyo halina amani. Makabila madogo, Waijaw na Wativ miongoni mwao, yalikuwa yakilalamika hata kabla ya uhuru. Wapo wanazuoni wanaosema kuzigawanya kanda ndiko kulikoiokoa Nigeria isivunjike tena baada ya vita vya Biafra, na sidhani kama wamekosea. Tatizo ni kwamba majimbo mengi yaliundwa bila kuulizwa yatakula nini. Jeshi lilipokuwa likiyaongeza, mafuta yalikuwa yakizifunika kakao na karanga, na fungu la eneo yanakochimbwa mafuta likapunguzwa awamu baada ya awamu. Katiba ya 1999 ndiyo iliyolirudisha hadi asilimia isiyopungua 13.

Matokeo yanaonekana kila mwezi. Makamishna wa fedha wa majimbo yote 36 hukutana na maofisa wa shirikisho katika kamati ya mgawanyo wa mapato. Asilimia 13 ya mapato ya mafuta ikishaondolewa, kanuni iliyotumika kwa miaka mingi huipa serikali kuu asilimia 52.68, majimbo 26.72 na serikali za mitaa 20.60. Ukiiacha Lagos na majimbo machache, mgawo ukichelewa, mishahara nayo huchelewa. Wakenya, ambao Katiba yao ya 2010 inazihakikishia kaunti asilimia isiyopungua 15 ya mapato ya taifa, wanajua fika maana ya kungoja fedha kutoka Hazina. Na kwa kuwa masuala ya kazi ni ya shirikisho, ni Abuja iliyopandisha kima cha chini cha mshahara hadi naira 70,000 mwaka 2024, na kila gavana akaachiwa kazi ya kuzitafuta.

Tukija kwenye polisi, gavana huitwa ofisa mkuu wa usalama wa jimbo lake. Kifungu cha 215 kinamruhusu kumpa Kamishna wa Polisi maelekezo halali, kisha kinamruhusu Kamishna, kabla hajayatekeleza, kuomba jambo lipelekwe kwa Rais. Majambazi wakivamia kijiji usiku, hiyo ndiyo njia ya kikatiba. Magavana sita wa kusini magharibi walipozindua kikosi cha Amotekun mjini Ibadan Januari 2020, Mwanasheria Mkuu wa Shirikisho alikitangaza kuwa haramu. Kilinusurika baada ya kila jimbo kukitungia sheria yake.

Kesi inayoonyesha vizuri zaidi ugomvi huu ni ya Lagos. Jimbo hilo, chini ya Gavana Bola Tinubu, liliongeza serikali za mitaa 37 juu ya 20 zilizotajwa katika Katiba. Rais Obasanjo akazuia fedha za serikali za mitaa za jimbo zima. Desemba 2004 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hana mamlaka ya kuzizuia. Jimbo lilishinda kesi, fedha hazikuja zote. Salio lilitolewa mwaka 2007 na Umaru Yar'Adua, Obasanjo alipokwisha kuondoka. Mahakama haina mkoba.

Tinubu huyo huyo ndiye Rais tangu 2023. Serikali yake iliwashtaki magavana wote 36, na tarehe 11 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikaamuru fedha za serikali za mitaa zisipitie tena mikononi mwao. Hukumu hiyo ilistahili, kwani magavana walikuwa wakizitendea serikali za mitaa yale yale waliyoyalalamikia kwa Abuja. Lakini Machi 2025 alitangaza hali ya hatari katika Jimbo la Rivers, akamsimamisha gavana, naibu wake na baraza la kutunga sheria kwa miezi sita, na kumweka msimamizi aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini. Obasanjo alifanya hivyo Plateau mwaka 2004. Kifungu cha 305, kinachohusu hali ya hatari, hakisemi popote kwamba gavana atasimamishwa. Sioni haja ya kumlaumu Tinubu kwa unafiki. Ukimweka mwanasiasa yeyote mahali fedha na polisi vilipo, atavitumia.

Marekebisho ya 2023 yaliyapa majimbo nafasi katika reli, magereza na umeme, na Enugu, Ekiti na Ondo yakawa ya mwanzo kukabidhiwa usimamizi wa soko la umeme ndani ya mipaka yao. Ni hatua nzuri, lakini yamekabidhiwa kazi bila kukabidhiwa mapato. Bunge la Nigeria likitaka kweli kulirekebisha shirikisho, liache kuhamisha vipengele vya Jedwali la Pili na lianze na kifungu cha 162, kinachoamuru mapato yote yaingie kwanza katika akaunti moja ya shirikisho.