Bentonaiti na Sumukuvu

Bentonaiti ni udongo laini utokanao aghalabu na majivu ya volkano ya zama za kale, ambao, madhali chembe zake zimepangika matabaka kwa matabaka yenye nafasi ndogo mno baina yake, una uwezo wa kuinasa aflatoksini, sumu ya kuvu waotao juu ya mahindi na karanga, hasa zikihifadhiwa kabla ya kukauka barabara.

Sumu hii ilitambulikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Na mwaka 2004 mahindi yaliyoingiwa nayo yaliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, kwani moto wa jikoni hautoshi kuiangamiza.

Molekuli ya aflatoksini, kwa kuwa ni bapa, hupenya baina ya matabaka ya udongo na kushikamana na ayoni zilizomo, hata ikatoka pamoja na kinyesi cha mnyama aliyelishwa udongo huo, bila ya kuingia damuni. Kwa hiyo Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2013 bentonaiti itiwe katika chakula cha ng'ombe, kuku na nguruwe. Ama fumonisini, sumu nyingine ya mahindi, udongo huu huinasa kwa uchache tu.

Katika upimaji wa aflatoksini hutumika utepe wa nitroselulosi, wenye vinyweleo vinyonyavyo maji yaliyochujwa kutoka katika unga: mstari wa kipimo ulio juu ya utepe ukififia au kutoweka, ni dalili ya kuwa sumu imezidi kiasi.